Kimea na Ubuyu: Mlo na Furaha ya Mtoto katika Ugogo

Siku ya Idi, mtoto wa Unguja au wa Pemba akishatiwa sikukuu yake mkononi, hukimbilia ubuyu kabla ya vitu vingine. Ni mbegu za mbuyu pamoja na unga wake, zilizopikwa kwa sukari, zikatiwa iliki na rangi nyekundu, zikafungwa katika vifuko vidogo vidogo. Atamumunya mpaka ulimi na midomo vigeuke rangi, na nyumbani hapana wa kumgombeza, kwani siku ni yake. Mibuyu tunayo visiwani, lakini ubuyu wa bara nao huvuka bahari kuja kwetu, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa inayojulikana kwa tunda hilo. Huko bara ubuyu una historia nyingine. Katika nchi ya Wagogo haukuwa kitu cha siku kuu peke yake. Ulikuwa chakula cha mtoto, na iko miaka ambayo ndio uliokuwa baina yake na kaburi.

Makala haya yanahusu mlo wa mtoto mdogo katika Ugogo, na namna nyumba isiyokuwa na fedha ilivyomfurahia mtoto huyo kwa kile kilichokuwamo ghalani. Nakusudia kuonesha kwamba kulisha na kufurahia, huko, havikuwa mambo mawili. Nakusudia pia kuonesha kwamba maarifa ya kazi hiyo yalikaa mikononi mwa wanawake, na kwamba wenye madaraka waliyapita mara nyingi bila ya kuyaona. Mwisho, kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nitayapima maneno mawili ya Kiswahili: moja lililowatwika akina mama lawama, na jingine lililowapa msaada.

Nchi ya mvua moja

Mkonze ni kata iliyo pembezoni mwa mji wa Dodoma. Mtu wa visiwani, aliyezoea masika na vuli, hana budi kwanza kuielewa mvua ya huko. Hunyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili hivi, na jumla yake kwa mwaka ni kama milimita 500 au 600. Mwaka ambao mvua imekatika Januari, hapana mvua ya pili ya kuingojea. Kwa hiyo wakulima wa uwanda ule walichagua mimea inayostahimili: uwele na mtama kwanza, kisha karanga, njugu mawe, kunde na maboga. Ng'ombe na mbuzi walikuwa akiba inayotembea. Majani ya mwituni, kama ya mlenda, yalikaushwa yakawekwa kwa ajili ya kiangazi, na mibuyu, isiyopandwa na mtu, ilizaa hata pale shamba lilipokufa.

Nchi hii si ngeni kwa historia yetu ya pwani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 haikuwa na njia fupi isipokuwa kupita Ugogo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walipita wafanyabiashara wetu wenyewe, miongoni mwao Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Wote walilalamikia hongo waliyotozwa na watemi kwa ajili ya maji na njia. Hawakuandika sana juu ya nafaka waliyoinunua kwa nguo na shanga. Lakini nafaka ile ililimwa na watu, na sehemu kubwa ya jasho lake ilikuwa ya wanawake. Meno ya tembo yaliyojenga baadhi ya majumba tunayojivunia Mji Mkongwe yalivuka Ugogo juu ya mabega ya wapagazi walioshiba uwele wa Wagogo.

Mtunya

Katika Ugogo wa zamani mtu hakuulizwa alizaliwa tarehe ngapi. Aliulizwa alizaliwa wakati wa njaa ipi. Njaa kubwa zilipewa majina kama wanavyopewa watu, na wazee walihesabu umri wa watoto wao kwa majina hayo. Lililobeba huzuni kuliko yote ni Mtunya, njaa iliyodumu tangu mwaka 1917 hadi 1920.

Mtunya haukuletwa na ukame peke yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipiganwa katika Afrika Mashariki kwa miguu na vichwa vya wapagazi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Waingereza walipouteka mji wa Dodoma, Julai mwaka 1916, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Mvua ilipokosekana baada ya hapo, ghala zilikwisha kuwa tupu na mikono ya kulima ilikwisha kupungua. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa, yaani kiasi cha mmoja katika kila watano wa wilaya ya Dodoma. Baadhi ya wazazi waliwaweka watoto wao rehani katika nyumba zenye nafaka, ili mtoto ale na wao wapate debe la kuwafikisha wiki nyingine. Hilo lilikuwa tendo la mzazi aliyekwisha kupiga hesabu zote na kubakiwa na moja.

Mwaka ule ule wa 1917, huko Ihumwa, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, alizaliwa mtoto ambaye wapenzi wa mashairi hawahitaji kuelezwa ni nani: Mathias Mnyampala. Tunamjua kwa diwani yake, kwa tenzi zake na kwa kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Tunamjua zaidi kwa ngonjera, mashairi ya kujibizana yaliyokuja kusomwa na watoto wa skuli nchi nzima baada ya Azimio la Arusha. Ni mara chache tunaposimama na kufikiri kwamba mshairi huyu alianza kunyonya katika mwaka wa Mtunya. Kuna mtu aliyemlisha. Kila beti aliyoiandika mpaka alipofariki mwaka 1969 ina deni kwa jiko lisilojulikana, ambalo katika miaka ile lilipata kitu cha kumtilia mtoto kinywani.

Ngonjera nazo si mbali na maudhui yetu. Mnyampala, aliyekulia katika nchi iliyohesabu umri kwa njaa, aliwapa watoto shairi la kusimama mbele ya watu wazima na kusema. Mzazi aliyemwona mwanawe akighani beti zake uwanjani mwa skuli, sauti ikitetemeka, alikuwa akimsherehekea mtoto aliyefika. Hapakuwa na haja ya keki.

Karanga za Kongwa

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na mahali pa kwanza palikuwa Kongwa, mashariki ya Dodoma. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na ilikosa mafuta ya kula. Walikusudia kulima zaidi ya eka milioni tatu. Matrekta yaliletwa kwa meli, na vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Mibuyu ikawashinda nguvu. Udongo wa mfinyanzi ukakauka kama tofali, karanga zikashindwa kung'olewa, na mvua ikafanya kama inavyofanya siku zote katika Ugogo. Januari mwaka 1951 mradi ulifutwa, na paundi milioni 36 na zaidi zikawa zimepotea.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, na kweli kinachekesha. Lakini kwa anayetazama chungu cha mtoto, kina maana nyingine. Karanga zilikuwamo katika vijishamba vya wanawake wa Ugogo kabla ya mtambo wa kwanza kufika Kongwa. Walizipanda katika vipande vidogo walivyovijua, pamoja na nafaka, wala hawakuzitegemea peke yake. Walizitwanga wakazitia katika mlenda, na katika uji wa mtoto. Mafuta yaliyotafutwa na dola kubwa kwa mamilioni ya paundi, mama alikuwa nayo katika ungo, kiasi cha kumtosha mwanawe, na hapana bwana shamba aliyemwendea kumuuliza amewezaje.

Mambo ya aina hiyo hayakwisha na ukoloni. Operesheni Dodoma ya miaka ya 1970 na 1971 iliwahamisha Wagogo katika vijiji vya ujamaa. Shabaha zake zilikuwa njema: skuli, maji na zahanati. Lakini nyumba nyingi ziliyaacha mashamba yaliyokuwa karibu na zizi, yaliyorutubishwa kwa samadi ya miaka mingi. Baada ya hapo nchi ikaingia katika ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, mahindi ya msaada yakaletwa, na baadaye ukaja ule unga wa njano ambao watu, kwa mzaha wa kujipa moyo, waliuita unga wa Yanga. Taratibu sembe nyeupe ikawa ndiyo alama ya mtu aliyestaarabika, na uwele ukaonekana chakula cha shida. Mtoto akapewa uji mweupe, laini, mwepesi. Ulipendeza machoni, nguvu yake ilikuwa ndogo.

Neno linalolaumu

Hapa ndipo pa kulitaja neno la kwanza. Pwani na bara tunalo neno kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofu, tumbo likamjaa, nywele zikapukutika, miguu ikavimba, husemwa kwamba amebemendwa: wazazi wake walikutana kabla ya muda uliowekwa na mila, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na maziwa ya mama yakaharibika. Sitaki kuidharau mila yenyewe. Ndani yake mlikuwa na hekima ya kuwapa watoto nafasi, ili mmoja amalize kunyonya kabla mwingine hajaja. Lakini neno lilikuja kufanya kazi nyingine, kazi ya hakimu. Mtoto akikonda, swali la kwanza halikuwa amekula nini, bali mama yake amefanya nini.

Mtafiti wa Kiitaliano, Mara Mabilia, aliyefanya kazi na akina mama wa Kigogo katika kijiji cha Chigongwe, nje ya Dodoma, aliandika kitabu juu ya jambo hili, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2005. Anaonesha jinsi mama anyonyeshaye anavyoishi chini ya macho ya jamaa na majirani, na jinsi ugonjwa wa mtoto unavyoweza kugeuka ushahidi juu ya mwenendo wake. Mama wa namna hiyo atafanya nini? Atamficha mtoto. Atamfunika nguo, atakwepa kliniki, atangoja giza.

Watu wengine duniani waliutazama ugonjwa huo huo wakaupa jina lenye maelekezo tofauti. Daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Ghana ya leo, mwaka 1935 alilitia katika maandishi ya utabibu jina alilolisikia kwa watu wa Ga, kwashiorkor, ambalo Kiswahili kimelifanya kwashakoo. Maana yake yahusu ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Watu wa Ga waliona kwamba mtoto huugua anapoachishwa ziwa na kuwekwa mbele ya bakuli lisilomtosha. Maneno mawili, ya pande mbili za Afrika, yametazama mtoto mmoja. Moja lilitazama kitanda cha wazazi wake, jingine likatazama wakati alipoachishwa ziwa.

Neno linalosaidia

Tatizo la bakuli ni la hesabu nyepesi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja huingia kikombe kimoja hivi cha chakula kwa mlo. Uji mwepesi wa kunyweka una unga sehemu tano mpaka kumi tu katika mia, na kilichobaki ni maji. Mtoto atashiba, atalala, na atakuwa amekula karibu na bure. Ukiuzidisha unga ili upate nguvu, uji huwa mzito kama ugali, na mtoto hawezi kuumeza. Mama aliyekwenda shamba tangu alfajiri hawezi kurudi kumlisha mara tano au sita kwa siku. Kwa karne nyingi mtoto alinaswa katikati ya uji mwepesi na uji mzito.

Ufunguo ulikuwa nyumbani. Wanawake wa Ugogo, kama wenzao wa sehemu nyingi za bara, wanajua kutengeneza kimea. Nafaka hulowekwa siku nzima, hutandazwa na kufunikwa mahali penye unyevu siku mbili tatu mpaka ichipue, huanikwa juani, kisha husagwa. Matumizi mashuhuri ya kimea ni pombe. Lakini kimea kina sifa nyingine: ukitia kijiko kimoja katika uji mzito uliokwisha kuiva, ukakoroga, baada ya dakika chache uji huo hulegea ukawa wa kunyweka, na unga wote uliomo unabaki mle mle. Kuchipua huzalisha ndani ya mbegu kitu cha kuvunja wanga, kitu kile kile ambacho mbegu hukitumia kujilisha inapoota. Msomaji Mwislamu asitishike. Uji huu huchemshwa tena papo hapo na hunywewa siku hiyo hiyo, haulazwi ukachacha, na ulevi haumo.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973. Mwaka huo huo ilifanyika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ya Chakula ni Uhai, watu wakikaa vikundi vikundi kusikiliza na kujadiliana. Mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya unga wa nafaka iliyochipuzwa, wakathibitisha kwa vipimo jambo ambalo mikono ya wapika pombe ilikuwa ikilitenda bila ya vipimo. Ni mara chache katika historia ya elimu ya chakula katika Afrika kwa mtaalamu kuinama juu ya mtungi wa mwanamke wa kijijini na kukuta jibu ndani yake. Ninaitaja kwa heshima.

Walitoa pia tahadhari, nami siwezi kuiacha. Vichipukizi na vijizizi vya mtama vina sumu. Lazima vifikichwe na kuondolewa vyote baada ya kuanika, na uji uchemshwe vizuri. Kwa mtoto, kimea cha ulezi ni salama zaidi. Na kabla ya miezi sita, chakula cha mtoto ni maziwa ya mama peke yake.

Katika miaka hiyo hiyo, mkoa jirani wa Iringa ulianza programu ya lishe iliyosaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ilianza katika vijiji 168. Mizani ilitundikwa, na watoto wakapimwa mbele ya watu mara nne kwa mwaka. Siku ya kupima ilikuwa na mkusanyiko, na mazungumzo yake yalikuwa ya wazi: nani anamlisha mtoto mama akiwa shambani, unga upo kiasi gani, baba yuko wapi. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika miaka michache. Kwa maoni yangu mizani ile ilifanya kazi moja ambayo haikuandikwa katika mipango: ilimtoa mtoto aliyekonda ndani ya kanga alimofichwa. Lawama ya kubemenda hustawi penye siri. Mtoto akiwekwa kwenye mizani mbele ya kijiji kizima, hugeuka kuwa shughuli ya wote.

Furaha isiyonunuliwa

Nilifika Mkonze kwa ajili ya kazi ya kutafsiri vijitabu vya lishe, nikitaka kujua maneno ya jikoni yanavyotamkwa na wenye majiko. Bibi mmoja alinipokea kwa salamu ya kwao, mbukwa, akanikalisha kwenye kigoda, akaendelea na kazi yake. Alikuwa akimpikia mjukuu. Aliukoroga uji wa uwele mpaka ukaiva, akatia karanga zilizokaangwa na kutwangwa, akauacha utokote kidogo. Alipouipua ndipo alipotia unga wa ubuyu uliolowekwa na kuchujwa. Nilimuuliza kwa nini hakuutia sufuria ikiwa motoni. Akasema, "Ubuyu ukichemka unachoka, mwanangu." Kitabu nilichokuwa nikikitafsiri kilichukua ukurasa mzima kueleza kwamba moto huharibu vitamini C.

Nikamuuliza mtoto atatimiza mwaka lini. Akajibu, "Karanga zikiiva."

Jibu lile lina historia ndani yake. Palipokuwa hapana kalenda, mwaka wa mtoto ulitimia na mavuno, na furaha yake ilikuwa na chakula chake tayari. Mwezi wa Aprili na Mei shamba lenyewe humwandalia: karanga mbichi za kuchemsha, njugu mawe, maboga, na mabua ya mtama yenye utamu ambayo watoto huyamenya kwa meno na kuyafyonza kama miwa. Nafaka kavu hukaangwa ikapasuka bisi. Karanga na sukari kidogo, au asali kwa aliyekwisha kuvuka mwaka mmoja, hufanya kashata. Kibuyu kidogo kilichokauka, kikitiwa kokoto na kuzibwa, huwa kayamba la mtoto mchanga. Watoto wakubwa humfinyangia mdogo wao ng'ombe wa udongo, wenye pembe na nundu, na kumjengea zizi la vijiti: mtoto hapewi mwanasesere tu, anapewa kundi.

Na juu ya yote ni sauti. Wagogo ni mabingwa wa kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana, na wanawake wao hupiga muheme, ngoma wanazozibana mapajani. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha sauti ya zeze na ilimba katika majukwaa ya dunia, na tangu mwaka 2009 Chamwino kumekuwa na tamasha la muziki wa Wagogo. Mtoto anayerushwa juu ya goti huku shangazi zake wanne wakimwimbia, kila mmoja kwa njia yake, hajapungukiwa kitu kwa kukosa mapulizo. Sisi wa pwani tunayajua haya kwa sura nyingine: siku ya kumtoa mtoto nje, akika, maulidi, halua kwenye sahani. Mambo yamepishana, lakini pande zote mbili zinawaambia jamaa jambo moja: huyu amefika, mlisheni.

Mkonze ya leo

Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kweli, mwaka 2016, na mji ulipofanywa jiji mwezi wa Aprili 2018, pembezoni mwa mji paligeuka kuwa viwanja. Mkonze imepata nyumba mpya za bati la rangi na maduka. Ni maendeleo, wala sitayalilia. Mama mwenye zahanati karibu ana bahati kuliko bibi yake. Lakini shamba la karanga likipimwa kiwanja, mwenye shamba hupata fedha mara moja, na mtoto hupoteza karanga za kila mwaka. Mbuyu uliosimama tangu kabla ya Burton hukatwa kupisha ukuta. Siku ya kuzaliwa sasa ina tarehe, nayo husherehekewa kwa keki ya dukani, soda na biskuti. Na jirani asiyezimudu hujiona hana cha kumfanyia mwanawe, ilhali ghalani mwake mmejaa.

Hesabu ya taifa inatuonya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto watatu katika kila kumi wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ni afadhali kuliko miaka ya mwanzo ya 1990, walipokuwa kiasi cha nusu, lakini watatu katika kumi si idadi ya kujipongezea. Hatari nayo ina sura mpya. Mwaka 2016 sumu ya ukungu katika mahindi iliwaugusha watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Karanga nazo hushikwa na ukungu huo zikihifadhiwa zikiwa mbichi. Kwa hiyo maarifa ya jikoni hayatoshi yakiwa peke yake. Nafaka ianikwe juu ya turubai, si juu ya ardhi. Iliyooza itupwe, isisagiwe mtoto. Na unga wa lishe usiwe jumba la nafaka kumi zilizorundikwa kwa sababu tu zimepatikana. Nafaka moja njema, karanga safi, na ubuyu au tunda vinamtosha.

Wapenzi wa ushairi watauliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu lugha ni sehemu ya mlo. Neno kubemenda limo katika kamusi zetu, halifutiki, na si kazi ya mshairi kulifuta. Lakini kimea nacho kimo, na mtoto wa skuli anaweza kukighani. Mnyampala alituachia chombo, na ngonjera baina ya uji mwepesi na uji mzito, kimea akiingia kuwapatanisha, ingefaa Mkonze na ingefaa Makunduchi. Akina mama wanaojua utungo huu kwa mikono wangali hai, na wengi wao wamekwisha kuzeeka. Anayekwenda Dodoma kwa kazi za serikali, na siku hizi ni wengi kutoka kwetu, apite jioni moja kwenye nyumba yenye kinu, achukue kalamu na daftari, na aulize mtoto wa hapo anakula nini.